Daftari la dondoo kwa faharasa ya John Locke

Mwaka 1686 John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, alichapa, kwa Kifaransa, njia yake ya kuhifadhi dondoo za vitabu ili zipatikane upesi. Faharasa nzima inaingia katika kurasa mbili zinazotazamana.

Piga mistari upate safu moja kwa kila herufi, kisha gawa kila safu visanduku vitano: a, e, i, o, u. Locke aliziacha K, W na Y. Kwa Kiswahili zirudishe, la sivyo utakwama siku ya kwanza.

Ukipata dondoo, ipe neno kuu. Chukua herufi ya kwanza na vokali ya kwanza inayoifuata: “homa” ni H-o, “asidi” ni A-i. Kisanduku kikiwa kitupu, fungua jozi ya kwanza ya kurasa tupu, andika neno kuu pambizoni na dondoo pembeni yake, kisha ingiza namba ya ukurasa wa kushoto katika kisanduku. Dondoo zote za H-o zinakaa hapo, hata za “hoja”. Jozi ikijaa, hamia jozi tupu inayofuata na uandike namba yake chini ya ukurasa uliojaa. Usiwahi kutenga kurasa mapema kwa kila herufi. Hapo ndipo karatasi hupotea bure.

Tatizo la kwetu ni viambishi. “Kipimo”, “kifaa” na “kidonge” zote huangukia K-i, kisanduku kikafurika. Tumia mzizi pale unapoonekana wazi: “pima”, P-i.