Kidude cha kusoma gari kwa simu: anza na umeme, kutyuni baadaye

Watu wakitaka kujitengenezea hiki kidude wanakimbilia kuandika app, kumbe app ndo rahisi, kinachosumbua ni umeme wa gari. Bodi chukua ESP32, ina Bluetooth na Wi-Fi tayari, na kontrola ya CAN (zile waya mbili ambazo kompyuta za gari zinaongelea) iko humo humo ndani, kwa hivyo unaongeza transiva tu, kichipu cha kuunganisha bodi na hizo waya, ile SN65HVD230 ya volti 3.3, na plagi ya OBD, ile ya kupimia gari, ya pini 16. Kama unatumia iPhone, pitia Wi-Fi au BLE (Bluetooth mpya ya umeme mdogo), ile Bluetooth ya zamani haitakubali.

Kabla hujasoda chochote, piga tochi kwenye soketi ya OBD chini ya stelingi. Hizi gari kuukuu za Japani zilizoshukia bandarini Kilindini zamani, nyingine ukiangalia pini 6 na 14, zile za CAN, ni matundu matupu, zinaongea kwa mfumo mwingine wa pini 7, hiyo ni kazi nyingine kabisa usipoteze jioni yako. Zikiwepo, zima gari, weka mita kwenye omu, gusa 6 na 14. Ikisoma kama 60 uko sawa, maanake kuna rezista mbili za omu 120 sambamba. Sasa kibao cha transiva mara nyingi huja na 120 yake, ukikichomeka, mita inashuka mpaka 40, itoe hiyo. Mimi nilizunguka nayo siku mbili nikilaumu programu niliyoandika, wallahi, kumbe ni karezista kadogo kama punje ya mchele.

Pini 4 ni athi, 16 ni pozitivu ya betri, weka fyuzi, diodi ya TVS (ya kukata volti zinazoruka ghafla), ndo ushushe hadi volti 5. Na 16 haizimiki hata ukitoa ufunguo, kwa hivyo ifanye bodi ilale, la sivyo ukisafiri wiki mbili unarudi kusukuma gari. Usiibandike juu ya dashibodi pia, jua la Changamwe la saa saba unalijua, gundi inayeyuka.

Kasi weka 500 kbps, mwanzo sikiliza tu bila kutuma. Ukishaona data zinapita, uliza mizunguko ya injini, tuma kwa anwani 7DF: 02 01 0C, baiti zilizobaki sifuri. Injini inajibu kwa 7E8, tuseme 04 41 0C 0B B8. Hiyo 0B B8 ni 3000, gawa kwa 4, mizunguko 750 kwa dakika, gari imetulia sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta.

Kutyuni sasa, yaani kubadilisha mipangilio ya injini, ndo usiwe na pupa. Kuandika ndani ya ECU, kompyuta ya injini, kuna kufuli lake, na kila kampuni na yake. Hifadhi kwanza faili asili, sehemu mbili tofauti, halafu unganisha chaja ya betri muda wote, sababu volti zikianguka katikati ya kuandika ECU inakufa pale pale, na gari utaivuta kwa kamba hadi kwa fundi.