Mambo ya kuzingatia kabla hujaenda kuandikisha watu kwenye tamasha la roki

Ukiitazama kwa mbali, kazi ya kuandikisha waungaji mkono wa kampeni ya kupambana na umaskini kwenye matamasha ya roki ni kazi ya raha: fulana za rangi moja, fomu mkononi, muziki wa bure. Ukishaifanya utajua kwamba muziki ukianza, kazi imekwisha. Karibu kila kinachoamua kama siku itafaa hufanyika kabla ya taa kuzimwa, na mengine wiki kadhaa kabla bendi haijafika mjini.

Anza na ombi lenyewe. Unamwomba mtu nini hasa? Kampeni nyingi za aina hii haziombi pesa. Kampeni ya ONE, iliyoanza mwaka 2004 Bono, mwimbaji wa bendi ya U2, akiwa miongoni mwa waanzilishi, ilijitangaza tangu mapema kwamba inataka sauti ya mtu na si pesa yake, na watu wake wa kujitolea wamefanya kazi kwenye ziara za U2, ikiwamo ile ya 360° ya 2009 hadi 2011 iliyohudhuriwa na watu zaidi ya milioni 7. Sauti hapa ni jina linaloweza kuhesabiwa. Mbunge akipelekewa majina elfu moja ya watu wasiojulikana wanakoishi, atayaweka kando. Akipelekewa mia mbili ya wapiga kura wa jimbo lake, atamwita msaidizi wake. Ndiyo maana fomu huuliza msimbo wa posta, na ndiyo maana anayewaambia watu "andika jina tu, mengine si lazima" anaiharibu kazi huku akidhani anairahisisha.

Kwa hiyo kila mmoja wenu aweze kusema kwa sentensi mbili kampeni inataka nini, inakitaka kwa nani, na uamuzi unafanyika lini. Mwaka 2005 sentensi hizo zilikuwa rahisi kutunga. Matamasha ya Live 8, ya kuwashinikiza wakubwa wa dunia kuhusu umaskini, yalifanyika tarehe 2 Julai, na viongozi wa G8, kundi la mataifa makubwa manane, walianza kukutana Gleneagles, Scotland, tarehe 6. Wakubwa wanane, siku nne zilizobaki, madai matatu: madeni yafutwe, misaada iongezwe, biashara iwe ya haki. Kampeni isiyo na tarehe wala mtu wa kuelekezewa ombi ni ngumu kuieleza kwenye foleni. Kama yenu iko hivyo, waulizeni wakuu wenu kabla ya siku hiyo, maana mtu wa tatu tu kwenye foleni atakuulizeni ninyi.

Kuna pia kivuli cha Live Aid ya tarehe 13 Julai 1985, iliyokuwa ya kuchangisha pesa kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Watu wengi wakisikia "umaskini" na "tamasha" pamoja hudhani ni mchango, na wenye moyo watatoa pochi papo hapo. Kubalianeni mapema kwamba hakuna anayepokea hata sarafu moja. Huna risiti, huna sanduku lililofungwa, na pengine huna kibali cha kuchangisha mahali hapo. Mwelekeze kwenye tovuti ya kampeni, mshukuru, kisha mrudishe kwenye fomu.

Ruhusa ina ngazi zake, na hapa ndipo vikundi vingi hukwama. Meneja wa bendi amekubali, lakini promota hana habari. Promota amekubali, lakini mwenye uwanja ana masharti yake. Mwenye uwanja naye amekubali, lakini mlinzi wa geti utakalopitia hajaambiwa chochote, na kwa saa ile yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Barua pepe iliyochapishwa husaidia. Jina la msimamizi wa zamu na namba yake ya simu husaidia zaidi. Ulizeni mnaingilia mlango gani, majina yenu yako kwenye orodha ya nani, mtavaa beji au mkanda wa mkononi, mnaruhusiwa kusimama wapi na wapi hamruhusiwi kabisa. Ulizeni ukubwa wa mabegi, kwa sababu viwanja vingi siku hizi vinakataa begi la mgongoni hata likiwa la vipeperushi. Ulizeni kama meza yenu itakuwa karibu na mdhamini ambaye hatapenda kuwa jirani yenu. Maswali haya yanachosha kuuliza, lakini ni afadhali kuyauliza ukiwa nyumbani kuliko kuyauliza mbele ya geti ukiwa na watu kumi nyuma yako.

Halafu saa. Saa ya dhahabu ni ya foleni, kabla milango haijafunguliwa. Wale wanaotaka kusimama kwenye uzio wa mbele ya jukwaa hufika asubuhi, wakati mwingine jana yake, na kufikia mchana wamekwisha kuongea yote waliyokuwa nayo ya kuongea. Simu zao zinakaribia kuzima, wamekaa kwenye lami, wanapiga miayo. Mtu wa namna hiyo anakusikiliza. Anza na mwanzo wa foleni, maana ndio watakaoingia kwanza, kisha teremka kuelekea nyuma. Na tembea kando ya mstari, usiwakate, wala usimtoe mtu nafasi yake ili aje mezani kwako. Nafasi ile ameilipia kwa usingizi wake. Inama au chuchumaa ili uongee naye macho kwa macho, mpe ubao wa kuandikia, shika kinywaji chake wakati anaandika. Sekunde hizo ishirini unazomshikia chupa zina ushawishi kuliko hotuba yote uliyokariri.

Milango ikifunguliwa watu hukimbia. Acheni wakimbie. Mnaweza kuhamia ndani, kwenye korido zenye vyoo na vinywaji, na kufanya kazi wakati wa bendi ya utangulizi na ule muda wa kubadilisha vyombo jukwaani. Baada ya onyesho utapata majina machache tu: watu wanawahi treni, masikio yanavuma, wengine wamelewa. Na aliyelewa asiandikishwe. Kesho hatakumbuka, barua ya kwanza ataiita takataka, na ana haki ya kusema hakujua alichosaini.

Ila kuna tofauti moja. Kama mwanamuziki mwenyewe atataja kampeni jukwaani, jueni ni baada ya wimbo gani. Kwenye ziara ya U2 ya Vertigo ya mwaka 2005, Bono alikuwa akiwaomba watu watoe simu zao na kutuma majina yao kwa ujumbe mfupi pale pale uwanjani. Tamko la namna hiyo likitokea, watu watawatafuta wakati wa kutoka, kwa hiyo wawili wenu wawe tayari kwenye njia kuu ya kutokea, fomu mkononi, kabla wimbo wa mwisho haujaisha.

Maswali magumu yapo, na mengine yana haki yake. "Hizo pesa si zinaliwa na wakubwa wa huko?" "Kwa nini msianze na maskini wa hapa?" "Bono si tajiri, kwa nini asitoe za kwake?" Usibishane, na usitunge takwimu. Chukua mifano miwili unayoijua vizuri. Mwaka 2005 mawaziri wa fedha wa G8 walikubaliana kufuta madeni ya takriban dola bilioni 40 ya nchi 18 kwa kuanzia, zikiwamo Tanzania, Uganda, Rwanda na Zambia. Mwaka uliofuata Zambia iliondoa ada za matibabu katika vituo vya afya vya vijijini. Huo ni mfano anaoweza kuubeba mtu kwenda nao nyumbani. Kisha sema na upande wa pili: ahadi ya Gleneagles ya kuongeza misaada kwa dola bilioni 50 kwa mwaka kufikia 2010 haikutimizwa yote, na lengo la nchi tajiri kutoa asilimia 0.7 ya pato lao, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1970, limefikiwa na nchi chache tu. Wengine huogopa kusema hili, wakidhani litawakatisha watu tamaa. Naona kinyume. Aliyesikia kwamba ahadi zilivunjwa ndiye anayeelewa kwa nini jina lake linahitajika.

Hapo hapo, kagua vipeperushi vyenu vya zamani. Kipimo cha umaskini uliokithiri cha Benki ya Dunia kilikuwa dola 1.90 kwa siku tangu 2015, kikawa 2.15 mwaka 2022, na Juni 2025 kikapandishwa hadi dola 3. Boksi la karatasi lililobaki stoo tangu ziara iliyopita linaweza kuwa na takwimu ambayo mwanafunzi yeyote wa uchumi kwenye foleni ataikosoa kwa sauti. Tazama na picha pia. Picha ya mtoto mwenye nzi usoni haina kazi mbele ya watu waliokuja kufurahi, na inamdhalilisha mtoto huyo ambaye hakuombwa ruhusa.

Sasa fomu, ambayo inastahili muda wako kuliko fulana. Adui wa kampeni ni mwandiko. Mtu anaandika barua pepe akiwa amesimama, upepo unapeperusha karatasi, rafiki yake anamwita. Matokeo yake ni kwamba sifuri na herufi O hazitofautiani, tarakimu 1 imekuwa herufi l, na nukta imepotea. Dawa yake ni moja: kabla hujapokea ubao, msomee anuani yake kwa sauti, herufi kwa herufi pale penye utata, naye akubali. Mtapata majina machache kwa saa, na yatakuwa majina yanayofika. Bebeni kalamu za kawaida za biki, maana wino wa majimaji hutapakaa tone la mvua likidondoka, na zifungwe kwa uzi kwenye ubao, la sivyo zitaondoka zote kabla ya saa kumi. Bebeni mfuko wa plastiki unaofungika wa kuhifadhia fomu zilizojazwa.

Fomu yenye mistari ishirini kwenye ukurasa mmoja ina kasoro yake: kila anayesaini anaona jina, anuani na msimbo wa posta wa waliomtangulia. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya kulinda taarifa binafsi inayotumika tangu Mei 2018 inataka mtu akubali kwa hiari na kwa kujua atatumiwa nini, na kisanduku cha kukubali kisiwe kimeshawekewa alama. Hata mahali ambapo sheria si kali hivyo, tumieni vijikaratasi vya mtu mmoja mmoja au funikeni mistari ya juu. Kuhusu watoto, ulizeni umri wa chini kabla ya siku na mfuate huo.

Mkitumia simu au kompyuta kibao, programu yenu iweze kuhifadhi majina bila mtandao. Watu elfu hamsini wakikusanyika mahali pamoja na kila mmoja anarusha video, mtandao hufa, na msimbo wa QR uliochapisha kwa mbwembwe unabaki kuwa pambo. Betri za akiba zijazwe usiku, na karatasi ziwepo hata kama mna vifaa vya kisasa. Kwa sababu hiyo hiyo ya mtandao, msitegemee kupigiana simu. Chagueni mahali pa kukutana panapoonekana, na saa za kukutana.

Masikio yenu ni ya kudumu kuliko ziara yoyote. Kikomo cha kelele kinachotumika sana kwa wafanyakazi ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8, na kila inapoongezeka desibeli 3 muda salama unakatwa nusu. Kwa desibeli 100, ambazo tamasha la roki hufika bila shida, ni dakika 15 tu. Vizibo vya masikio vigawiwe pamoja na beji. Viatu viwe vilivyokwisha kuzoea mguu, maji yawepo, koti la mvua liwepo. Fanyeni kazi wawili wawili. Mlinzi akisema ondokeni hapa, ondokeni, mjadala baadaye. Na aliyevaa fulana ya kampeni asishike bia.

Bangili ni jambo la kufikiria mara mbili. Mwaka 2005 ile nyeupe ilikuwa alama ya kampeni nzima ya kupambana na umaskini, kisha magazeti ya Uingereza yakaripoti kwamba baadhi zilitengenezwa China kwenye viwanda vilivyokiuka haki za wafanyakazi. Ulizeni zenu zimetoka wapi. Mkigawa, mgawe baada ya mtu kusaini. Mkitanguliza bangili mtapata foleni ya watu wanaotaka bangili.

Mratibu naye aseme wazi mapema: watu wa kujitolea wataliona onyesho au hapana? Ukificha hilo, utapata waliokuja kwa tiketi ya bure, na saa mbili kabla ya bendi kupanda utawakuta wameshajipanga mbele ya jukwaa. Mimi pia siamini malengo ya idadi kwa kila mtu. Ukimwambia kijana alete majina themanini, ataleta themanini, na ishirini yatakuwa ya binamu zake.

Mwisho, andikeni kwenye karatasi jina la mtu mmoja atakayebeba fomu, mahali atakapozilaza usiku huo, nani ataziingiza kwenye kompyuta na ifikapo siku gani, ili barua ya kwanza iwafikie watu ndani ya wiki hiyo, wakati bado wanasimulia tamasha. Angalieni pia treni au basi la mwisho linaondoka saa ngapi. Kama ni kabla ya onyesho kuisha, usafiri wa kuwarudisha wote upangwe kabla hamjatoka nyumbani.