Kuokoa kanda za video laibrari: kuchambua, kusafisha na kuhamishia kwenye kompyuta

Maduka ya kukodisha kanda, yaliyoitwa video laibrari, yalifungwa, lakini mzigo wake haukutupwa wote. Mwingine uko stoo, mwingine juu ya kabati, mwingine kwa ndugu aliyeambiwa "nihifadhie kwanza" na hakufuatwa tena. Leo kanda hizo zina umri wa miaka ishirini hadi arobaini. Deki mpya hakuna: kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kuzitengeneza, iliacha Julai 2016. Na kwa anayeishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, ukungu haungoji mtu awe na nafasi.

Hutaweza kuziokoa zote, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchagua. Wengi hukosea hapo, maana huanza na sinema waliyoipenda utotoni.

Anza na kisichopatikana kwingine

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Mwenye runinga na deki Dar es Salaam miaka ya themanini alikuwa hana budi kwenda laibrari: anajiandikisha uanachama, anaacha amana, anachukua sinema ya Kihindi, ya ngumi au ya vita, na akiirudisha bila kuirewaindi anatozwa faini. Kanda nyingi za rafuni hazikuwa halisi. Moja ilikuja na msafiri, ikarudufiwa deki kwa deki, na nakala ikazaa nakala.

Maana yake kwako ni hii: filamu ya Hollywood au ya Bombay iliyo kwenye kanda hiyo ipo mahali pengine kwa picha safi mara kumi. Iweke kando, hata kama kava lake la fotokopi linakuvuta. Tanguliza zile ambazo hapa ziliongezwa kitu. Kwanza, sinema zilizosimuliwa kwa Kiswahili na wasimulizi kama Lufufu, zilizojaza vibanda umiza (vibanda vya kuonyeshea video), kama zilivyo za viidijei (wasimulizi wa sinema) wa Kampala kwa Kiganda. Pili, kanda za harusi, ngoma na mikutano, kwa sababu mwenye laibrari mara nyingi ndiye aliyekuwa pia mpiga video wa mtaa, na huenda master, yaani kanda ya kwanza, alibaki nayo yeye. Tatu, michezo ya kuigiza ya hapa na vipindi vilivyorekodiwa kutoka runingani, pamoja na matangazo yake ya sabuni na soda, usiyakate. Kanda isiyo na lebo ihesabu kuwa ya thamani mpaka ithibitike vinginevyo.

Kagua kabla ya kuingiza kwenye deki

Fungua kifuniko cha mbele kwa kubonyeza kitufe kidogo kilicho ubavuni, uuone utepe. Kisha mulika tochi kwenye vidirisha vya juu. Utepe mzima ni mweusi na unang'aa sawasawa. Ukiona unga mweupe au nyuzi kama za utando wa buibui pembeni mwa rili, huo ni ukungu, na kanda hiyo isiguse deki. Kanda moja yenye ukungu huziba hedi (sehemu za deki zinazosoma utepe), kisha deki yenyewe inaupeleka kwa kila kanda inayofuata. Tenga zote za namna hiyo kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa.

Soma pia ubavuni. E-180 ni ya saa tatu na E-240 ni ya saa nne. Hii ya pili utepe wake ni mwembamba zaidi na hukatika upesi, kwa hiyo usiifanyie mchezo wa kwenda mbele na kurudi nyuma. T-120 ni alama ya kanda za Marekani, na hapo uwe macho na mfumo wa rangi wa runinga: Tanzania, Kenya, Uganda na Oman walitumia PAL, Marekani NTSC, Kongo na Burundi SECAM. Kanda ya SECAM kwenye deki ya PAL hutoa picha nyeusi na nyeupe. Ya NTSC kwenye deki ya PAL pekee huruka-ruka na sauti kwenda kombo. Ukitafuta deki ya mtumba, tafuta ya mifumo yote mitatu.

Mwisho, tazama kile kipande kidogo cha plastiki cha kuzuia kurekodi, mgongoni upande wa kushoto. Kama bado kipo, kivunje. Kidole kikiteleza kwenye kitufe cha kurekodi, harusi ya watu imekwenda.

Ukungu

Weka kanda kwenye ndoo yenye mfuniko usiopitisha hewa, pamoja na pakiti za silika, kwa wiki moja hadi mbili. Ukungu ukikauka huacha kunata na hufutika. Fanya kazi nje au dirishani, ukiwa umevaa barakoa na glavu.

Laza kanda kifudifudi, fungua skrubu tano kwa bisibisi ya nyota, ishikilie kwa mikono miwili na kuigeuza isimame kawaida, ndipo uinue mfuniko. Ukiuinua kwa pupa, springi za breki zitaruka na hutazipata. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote, ili ujue utepe umepita wapi. Futa kasha na pembe za rili kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya kawaida ya dukani ina maji mengi, haifai. Utepe wenyewe upitishe taratibu kati ya mikunjo ya kitambaa kikavu huku ukizungusha rili kwa mkono, mwanzo hadi mwisho. E-180 ina kama mita 258 za utepe, kwa hiyo ni kazi ya jioni nzima. Ndiyo sababu kuchagua kulitangulia.

Kasha likiwa limevunjika au limeoza, hamishia rili zote mbili kwenye kasha la kanda usiyoihitaji. Hapo ndipo sinema zile za Hollywood zinapopata kazi.

Deki

Usiijaribu deki ya mtumba kwa kanda unayoipenda. Ingiza kanda ya kutupwa, icheze dakika kumi, ipeleke mbele, irudishe, itoe. Ikitoka na mkunjo, mpira wa ndani umekuwa mgumu au belti imelegea. Mpelekee fundi abadilishe kabla ya lolote.

Kusafisha hedi ni jambo la dakika tano, lakini ni hapo watu wanapoua deki. Ichomoe kwenye umeme, subiri kidogo, fungua mfuniko. Utaona silinda ya chuma inayong'aa, imelala upande kidogo. Hedi ni vipande vidogo mno vinavyochungulia ukingoni mwake, na pamba ya masikio huvivunja. Chukua kipande cha karatasi nyeupe safi, kiloweshe isopropili, kibandike kwenye silinda kwa kidole bila kukisogeza, kisha zungusha silinda yenyewe taratibu kwa mkono mwingine ukiishika kwa juu. Usisugue juu-chini hata mara moja. Karatasi ikitoka na michirizi ya kahawia, geuza na urudie. Pamba itumie kwenye hedi ya sauti iliyosimama pembeni, mhimili mwembamba wa chuma unaovuta utepe, na rola ya mpira inayoukandamiza. Acha pakauke robo saa.

Deki ikila kanda, usivute. Ichomoe umeme, fungua mfuniko, toa utepe kwenye kila nguzo kwa kidole chenye glavu, kisha zungusha rili kurudisha utepe ndani. Mkunjo ukiwa ukingo wa juu, kitakachoumia ni sauti. Ukiwa ukingo wa chini, picha ndiyo itakayoruka, kwa sababu huko ndiko ilikopita alama inayoiongoza deki. Utepe ukikatika, kata ncha zote mbili ziwe sawa, zikutanishe bila kupandana, na ubandike upande wa ndani (ule usiogusa hedi) kwa gundi-tepu maalumu ya kuungia. Ile ya ofisini hutoa gundi kwenye joto na kuchafua hedi. Hata ikiungwa vizuri, usipitishe kiungo mbele ya hedi: nakili mpaka karibu nacho, simamisha, toa kanda, sogeza rili kwa mkono, endelea.

Kuhamisha

Kwanza peleka kanda mbele mpaka mwisho na uirudishe mara moja. Kanda iliyokaa miaka imejibana, na hii huulegeza utepe. Zilizokatika au za ukungu mbaya, fanya hivi kwa mkono.

Unganisha deki na kifaa cha kunasia picha cha USB kwa waya wa njano wa picha na mweupe na mwekundu wa sauti. Kwenye kompyuta, programu ya bure kama OBS inatosha. Weka PAL, 720 kwa 576, fremu 25; kwa kanda ya NTSC 720 kwa 480, fremu 29.97. Picha ya kanda imegawanyika katika mistari inayopishana, hivyo ndani ya OBS washa uondoaji wa mistari wa Yadif 2x na utoe fremu 50 kwa sekunde, la sivyo watu wakicheza utaona meno ya kitana. Kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, saa moja inakula takriban GB 3.6. Ukinasa kwa DV, muundo wa kidijitali usioibana picha sana, ni GB 13 hivi, na E-180 nzima inakaribia 40. Kwa kanda ya pekee, DV inastahili.

Rekebisha trakingi (kitufe cha kulinganisha hedi na utepe) kanda ikiwa inacheza, mpaka chenga zipungue. Mstari wa vurugu chini kabisa ya picha ni wa kawaida, usihangaike nao. Wala usitarajie trakingi itibu nakala ya nakala ya nakala: rangi iliyovuja na sura zilizofifia zilirekodiwa hivyo. Chenga zikitokea dakika za mwanzo tu, ni uchakavu wa kukodishwa. Na zikitokea ghafla katikati ya pambano au wimbo, ujue wateja walipenda kusimamisha hapo. Deki ikisimamishwa, hedi hukwangua sehemu ileile.

Tatizo linalosumbua zaidi ni sauti kuachana na midomo. Sababu yake ni kifaa cha bei rahisi kuruka fremu pale ishara ya kanda inapoyumba. Dawa rahisi ni kupitisha ishara kwenye rekoda ya DVD kwanza, kisha kwenye kifaa. Nyingi huituliza njiani. Skrini ikififia na kung'aa kwa mapigo wakati kanda ni halisi ya kampuni, hiyo ni Macrovision, kinga ya kurudufu ya miaka ya themanini. Nakala za laibrari zetu mara nyingi hazina.

Kanda ya kusimuliwa ina mtego wake. VHS, aina ya kanda hizi, inaweza kubeba sauti mbili: moja ukingoni mwa utepe, nyingine ya Hi-Fi iliyozama kwenye picha. Msimulizi akiongezewa sauti juu ya kanda iliyokwisha rekodiwa, hubadilika ile ya ukingoni tu. Deki ya kisasa zaidi huchagua Hi-Fi yenyewe, nawe utasikia Kiingereza na kudhani lebo imedanganya. Badili sauti iwe "Normal" kwenye rimoti kabla ya kukata tamaa. Zikiwapo zote mbili, nasa mara mbili.

Sauti ikienda mbio na kuwa nyembamba, na picha ikijaa chenga, huenda ilirekodiwa kwa LP, nusu ya kasi, ili sinema tatu zienee kwenye kanda moja. Tafuta deki inayosoma LP.

Baada ya hapo

VCD, yaani diski za video zilizoiangusha kanda kabla ya DVD na flashi kuziangusha zenyewe, ni kazi nyepesi: fungua folda ya MPEGAV, nakili faili la .DAT, libadilishe jina liwe .mpg. Zile za kuchoma nyumbani usizicheleweshe, huweza kuharibika haraka kuliko kanda.

Kwenye jina la faili andika namba ya laibrari iliyo kwenye lebo, si jina la sinema tu. Kanda mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na wasimulizi tofauti. Weka nakala mbili kwenye diski mbili, nyumba mbili. Kuhifadhi si ruhusa ya kusambaza: filamu ina wenyewe chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ya Tanzania Bara, na kanda ya harusi ina wenye sura zao, waulize kabla ya kuipandisha popote.

Kanda zenyewe zisitupwe. Zirewaindi mpaka mwanzo, zisimamishe wima rafuni, mbali na spika na sakafu. Deki nayo iwashe mara moja kwa mwezi na uicheze kanda ya kutupwa kwa dakika chache, mpira wa ndani usigande.