Kuitambua QUIC: ivizie kwenye salamu

Mwezi mzima niliwaandikia wakubwa wangu kwamba simu za ofisini ndizo zinazokula mtandao wa chuo. Grafu ilionyesha UDP, njia ya kutuma data bila kungoja uthibitisho ambayo simu za mtandao huitumia, nami nikaihesabu yote kuwa sauti. Kumbe zilikuwa video za wanafunzi bwenini, zinapita kwa QUIC, itifaki mpya ya wavuti inayosafiri juu ya UDP. Watu wa simu walilaumiwa bure, na ndiyo maana naandika haya.

Usiitegemee porti peke yake. QUIC mara nyingi hutumia UDP 443, lakini hakuna kinachoizuia kutumia nyingine. Cha kutafuta ni pakiti ya kwanza kabisa, ndiyo salamu ya mteja kwa seva, kwa hiyo anza kunasa kwa tcpdump, programu ya kunasa pakiti, kabla kivinjari hakijafunguliwa:

tcpdump -n -X -i eth0 'udp dst port 443 and (udp[8] & 0xf0) = 0xc0 and udp[9:4] = 1'

Kichwa cha UDP kina baiti 8, hivyo udp[8] ni baiti ya kwanza ya mzigo wenyewe. Katika toleo la 1 (RFC 9000, waraka rasmi wa kiwango hicho, mwaka 2021) salamu ya mteja huanza na c0 hadi cf, kisha 00 00 00 01, na datagramu hujazwa mpaka ifike angalau baiti 1200. Toleo la 2, la mwaka 2023, huanza na d, kisha 6b 33 43 cf. Litengenezee kichujio chake. Kichujio cha hapo juu hakishiki IPv6, anwani za mtandao za aina mpya. Huko nasa kila kitu, ukachambulie kwenye Wireshark, programu ya kusoma pakiti zilizonaswa.

Salamu hiyo imesimbwa, ila ufunguo wake hukokotolewa kutoka kwenye kitambulisho cha muunganisho kilichomo wazi katika pakiti ileile. Ndiyo maana Wireshark huifungua yenyewe, ukasoma jina la seva. Penye ECH, mbinu ya kuficha jina halisi la seva, utaona jina la nje tu.

Salamu ikikupita, kazi ni ngumu kweli. Pakiti zinazofuata zina kichwa kifupi: hakuna toleo, hakuna urefu wa kitambulisho, hata namba ya pakiti imefunikwa. Cha kushika ni biti mbili za mwanzo, 0 na 1, na kwa RFC 9287 pande mbili zikikubaliana hata ile ya pili haiaminiki. Tena kuna hili: mwanafunzi anaingia bwenini video ikiendelea, simu inahama kutoka data kwenda Wi-Fi, na muunganisho unaweza kuendelea kwa kitambulisho kipya. Kwetu unaonekana umezuka katikati, hauna salamu. Wa namna hiyo mimi huuandika "haujulikani". Siubandiki jina la programu kwa kukisia.

Ukiwa na shaka, chukua simu yako mwenyewe, izuilie UDP 443 kwenye ruta kwa dakika tano, kisha fungua video ileile. Kivinjari kikikosa QUIC hurudi TCP 443. Nilipofanya hivyo, mstari wa UDP kwenye grafu ya simu yangu ulilala na wa TCP ukapanda palepale. Siku hiyohiyo niliwaandikia watu wa simu barua ya kuwaomba radhi.