Usilipie makala kwa dola kabla hujapita maktaba

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakianza utafiti, mezani kwangu husikia wimbo uleule: "Mkutubi, nimetafuta, hakuna kitu."

Mmoja alinionesha simu yake. Kwenye kisanduku cha kutafutia alikuwa amebandika kichwa kizima cha utafiti, kwa Kiingereza: sababu zinazochangia upungufu wa damu kwa wajawazito wilayani Kilosa. Majibu sifuri. Kanzidata, yaani hifadhi ya makala mtandaoni, inalinganisha maneno, na ukiyarundika hivyo unajifungia mlango mwenyewe.

Tukachukua karatasi. Kichwa kile kina mambo matatu tu: ugonjwa, mtu, mahali. Kwenye ugonjwa tukaandika anaemia OR anemia, yaani lolote kati ya hayo mawili, kwa kuwa Mwingereza na Mmarekani hawaliandiki neno hilo sawasawa. Kwenye mtu, pregnan* na nyota yake mwishoni, ilete pregnant na pregnancy kwa mpigo mmoja. Mahali tukaweka Tanzania. Kilosa ingebana mno. Kisha tukafungua utafutaji wa kina, kila jambo na kisanduku chake, katikati AND, ili makala iwe na yote matatu. Hizo AND na OR ziandike kwa herufi kubwa, PubMed, kanzidata ya makala za afya, haielewi vinginevyo. Makala zikaja nyingi hadi akaanza kulalamika kinyume.

Wapi pa kutafuta? Afya, anza na Hinari, mkusanyiko wa majarida wa Shirika la Afya Duniani tangu 2002. Kilimo kina AGORA ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Majarida ya Afrika yako AJOL, tovuti inayoyakusanya. Humo utakuta hata Tanzania Journal of Health Research, ambalo wengi hulipita wakikimbilia ya Ulaya. JSTOR, hifadhi nyingine ya majarida, ni nzuri kwa historia na jamii, ila majarida yake mengi hayana matoleo ya miaka ya karibuni, kwa hiyo usiende kutafuta dawa mpya huko.

Ukurasa ukikudai dola, jua umeingia kwa mlango wa Google. Usilipe. Nakili kichwa cha makala, rudi kwenye ukurasa wa maktaba, ingia kwa nywila ya chuo, kisha kibandike ndani ya alama za kunukuu. Hapo kichwa kizima ruksa. Ikigoma, mwandikie mwandishi mwenyewe. Barua pepe yake mara nyingi iko ukurasa wa kwanza, na wengi hufurahi kuombwa.

Nywila hiyo usiirushe kwenye grupu la WhatsApp. Kuna mtu aliwahi kupakua matoleo mazima usiku kucha kwa programu, chuo kizima tukafungiwa, na lawama zote nikabeba mimi.

Njoo kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo mabweni yameamka, mtandao umeelemewa, na PDF moja inashuka kwa muda wa kunywa chai na chapati mbili.