Vibao vya namba vya vigari vya modeli

Usikisie ukubwa wa kibao. Gawanya kipimo cha kibao halisi kwa skeli: cha Uingereza ni milimita 520 kwa 111, kwa hiyo kwenye 1:24, yaani modeli iliyo ndogo mara 24 kuliko gari halisi, kinakuwa takriban 21.7 kwa 4.6. Chapisha kwenye karatasi ya picha, kisha kata kwa wembe mpya na rula ya chuma. Kinachoharibu kazi hasa ni ule mstari mweupe wa karatasi kwenye kingo. Upake kalamu ya wino mweusi ukitokea upande wa nyuma, wino usije ukaingia usoni, na utaona tofauti papo hapo. Bandika kwa tone dogo la gundi nyeupe. Supaglu huacha ukungu mweupe, na kwenye bampa ulilolisugua likang'aa, inauma sana kuuona.