Namna ya Kuendelea Kutunga Taarabu Usikivu Unapopungua

Katika vyama vingi vya taarabu vya Unguja na Pemba nyimbo hupokezwa kwa sikio: fundi hupiga, wenzake humfuata mpaka washike. Kwa hiyo mtunzi anayepoteza usikivu yumo hatarini kupoteza pia njia yake ya kuhifadhi na kufundisha anachotunga. Ludwig van Beethoven, mtunzi Mjerumani wa muziki, alianza kutosikia vizuri akiwa na umri wa karibu miaka 28, lakini aliweza kuendelea hadi mwisho wa maisha yake mwaka 1827 kwa kuwa muziki wake ulikuwa umekaa kichwani na kwenye karatasi. Mtunzi wetu afanye maandalizi hayo mapema, wakati sikio bado linaaminika.

Anza kwa kujua unachopoteza. Kelele na uzee kwa kawaida huondoa kwanza sauti za juu, ndiyo maana nai (filimbi ya mwanzi), fidla na nyuzi nyembamba za kanuni (ala bapa ya nyuzi nyingi) hufifia huku dumbaki (ngoma ndogo ya mkono) ikisikika vilevile. Kabla ya kumlaumu mpiga fidla kwamba anapiga kivivu, mwombe mwanafunzi akae nyuma yako na kanuni, apige noti moja moja kutoka chini kwenda juu kwa nguvu ileile, nawe uinue mkono kila unaposikia. Yeye aandike pale mkono unapokoma kuinuka. Jaribio hilo halichukui nafasi ya kipimo cha hospitali, ambako pia huangaliwa iwapo tatizo ni nta au maambukizi yanayotibika. Usikivu ukipotea ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani kuchelewa hupunguza uwezekano wa kuurejesha.

Sikio linaweza pia kusikia visivyo. Bedřich Smetana, mtunzi wa Kicheki aliyekuwa kiziwi kabisa mwaka 1874, aliandamwa na mvumo masikioni, na mwaka 1876 aliuingiza katika utunzi wa ala nne za nyuzi kwa noti moja kali ya juu inayoshikiliwa na fidla. Gabriel Fauré, mtunzi Mfaransa, alisumbuliwa kwa namna nyingine: noti za juu alizisikia chini ya zilivyo, na za chini alizisikia juu ya zilivyo, ilhali za katikati zilibaki karibu na ukweli. Mtunzi wa taarabu mwenye hali kama ya Fauré anaweza kuujenga wimbo wake katika sauti za katikati, za mwimbaji, udi na akodiani, kisha akawaachia wapigaji anaowaamini mapambo ya juu.

Kutunia ala ndiko penye kazi kubwa zaidi, nayo haifai kuahirishwa. Programu ya simu ya kutunia ala itakusaidia, lakini nyingi zimepangwa kwa skeli ya Ulaya, na katika maqamu (mifumo ya noti ya Kiarabu) ya rasti na bayati zipo noti zinazoangukia kati ya noti za kinanda, ambazo programu itazionesha kuwa zimekosewa. Tunia kanuni kwa sikio lako au la fundi mwenzako, piga kila noti mbele ya simu, na uandike daftarini kiasi ambacho programu inasema noti iko juu au chini, maqamu kwa maqamu. Usikubali kabisa kuinyoosha bayati yako ili iipendeze simu. Siku ambayo sikio halitatosha, daftari hilo litakuwezesha kutunia kwa macho na bado ukapata ladha ya chama chako.

Jifunze pia kuandika noti, zikiwemo zile za nusu bemoli, yaani zilizoshushwa kwa robo toni. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimefundisha vijana wengi kusoma na kuandika noti. Kijana mmoja wa aina hiyo akikaa nawe kila unapotunga, bashrafu yako (kipande cha ala tupu bila kuimba) haitategemea kumbukumbu ya mtu. Maneno ya wimbo hayana shida kubwa, kwa kuwa mizani 16 ya mshororo huhesabika kwa vidole.

Tumia mwili. Udi ulioegemezwa kifuani na chelo iliyoshikwa kwa magoti hutoa mtetemo unaohisiwa hata na asiyesikia, hasa katika noti nzito.

Usikivu uliobaki ulindwe. Kiwango cha desibeli 85 huhesabiwa kuwa salama kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu, hivyo desibeli 100 huruhusu takriban dakika 15 tu. Katika arusi zenye spika kubwa, keti mbali nazo na uvae vizibo vya masikio. Ukipewa kifaa cha kusaidia kusikia, omba kipangwe pia kwa ajili ya muziki, kwa sababu kwa kawaida hupangwa kwa ajili ya mazungumzo.

Mwisho, waambie wenzako waziwazi. Wakati wa mazoezi weka daftari la kuandikiana, kama alivyofanya Beethoven kuanzia mwaka 1818, na umkabidhi mwingine uongozi wa mapigo. Simfoni yake ya 9 ilipopigwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 7 Mei 1824, Beethoven alikuwepo jukwaani akionesha mwendo, lakini wapigaji walikuwa wameagizwa wamfuate kondakta Michael Umlauf. Kwenye chama chako makubaliano hayo yafanywe mbele yako, nawe ukae pale unapoyaona vizuri mikono ya mpiga dumbaki na upinde wa fidla.